Kuchagua kihami joto cha nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali linaloulizwa kuliko yote ni "kipi bora?", na halijibiki mpaka mwenye nyumba ajue mambo mawili: joto linapitia wapi katika nyumba yake, na unyevu unatokea wapi. Ukijua hayo, orodha ndefu ya bidhaa hupungua hadi mbili au tatu.

## Mambo ya msingi

Kihami joto hufanya nini hasa?

Kihami joto, au insulesheni kama mafundi wengi wanavyoita, hupunguza kasi ya joto kuhama. Joto hutoka penye moto kwenda penye ubaridi kwa njia tatu: kwa kupenya ndani ya kitu, kwa kubebwa na hewa inayozunguka, na kwa mionzi inayotoka kwenye uso wenye moto hadi kwenye uso mwingine.

Vihami vingi hutegemea jambo moja, kwamba hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Nyuzi za kioo, punje za polistireni na karatasi iliyosagwa zote kazi yake ni kuizuia hewa isitembee. Kwa hiyo kushindiliwa, kulowa au kupigwa na upepo huharibu kihami hata kama bado kipo mahali pake. Na hakuna kinachozuia joto kabisa. Bidhaa inayoahidi kulizuia asilimia 100, iache.

Thamani R kwenye lebo ina maana gani?

Ni kipimo cha ukinzani: R ikiwa kubwa, joto hupita polepole zaidi. Hupatikana kwa kugawanya unene wa kihami, kwa mita, kwa lamda yake, yaani uwezo wa nyenzo yenyewe kupitisha joto. Sufu ya kioo yenye lamda 0.04 na unene wa milimita 100 ina R ya 2.5. Povu gumu la poliyurethani lenye lamda 0.022 hufikia R hiyohiyo kwa milimita 55 tu. Ukuta wa tofali za kuchoma, wenye lamda ya takribani 0.7, ungehitaji unene wa mita 1.75.

Angalia vipimo vya nchi ilikotoka bidhaa. Marekani hutumia vipimo vyake, na R yao ni kubwa mara 5.68 kuliko ile ya mfumo wa mita: R-30 ya huko ni sawa na takribani 5.3. Watu wamelinganisha namba hizi mbili bila kubadilisha, wakanunua kihami chembamba mno.

Je, kikiwa kinene zaidi ni bora zaidi?

Ni bora, lakini faida hupungua kila unapoongeza. Chukua mita moja ya mraba ya dari, ndani na nje pakitofautiana nyuzi 20 za Selsiasi. R ikiwa 0.5 hupita wati 40. Ipandishe hadi 1, zinapita 20. Hadi 2, zinapita 10. Hadi 4, zinapita 5. Hatua ya kwanza imeokoa wati 20, ya mwisho 5 tu, ingawa ndiyo iliyokula nyenzo nyingi zaidi. Pesa ikiwa ndogo, ni afadhali kuhami eneo lote kwa unene wa wastani kuliko nusu ya nyumba kwa unene mkubwa.

Nianzie wapi: paa, kuta, sakafu au madirisha?

Anzia kwenye mianya. Hewa inayopenya kwenye tundu la bomba, pembeni mwa mlango au pale dari inapokutana na ukuta hupita kando ya kihami chochote, kiwe ghali namna gani. Washa kijiti cha udi siku yenye upepo, ukipitishe polepole kwenye fremu za madirisha, swichi na matundu ya taa. Moshi ukiyumba au kunyonywa, pana mwanya pa kuziba.

Baada ya mianya, ni paa. Penye jua kali ndilo linalopigwa muda mrefu zaidi, na penye baridi hewa ya moto hupanda juu na kutorokea huko. Pia dari ndiyo sehemu rahisi kuifikia katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Kuta hufuata, kisha sakafu. Madirisha yana mambo yake: penye jua, kuyatilia kivuli kwa nje husaidia kuliko pazia la ndani, kwa sababu pazia hulipokea joto likiwa limeshaingia.

## Aina za vihami

Kuna aina gani, na kila moja inafaa wapi?

Sufu ya kioo na sufu ya mawe huja kwa marobota au mabamba laini. Lamda zake huwa kati ya 0.032 na 0.044, haziungui, na huingia vizuri kati ya mbao za dari na za kuta. Sufu ya mawe ni nzito zaidi, huvumilia joto zaidi na huzuia kelele vizuri. Udhaifu wa zote mbili ni maji, na pia mikono ya haraka: zikikunjwa au kubanwa, R hushuka.

Polistireni ipo ya namna mbili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Ile nyeupe ya punjepunje, yenye alama EPS, ni nyepesi na ya bei nafuu. Inafaa kwa kuta za nje zinazopigwa plasta juu yake na kwa sakafu. Ile yenye uso laini, mara nyingi ya bluu, waridi au kijani, yenye alama XPS, hunyonya maji kidogo sana na huhimili uzito, kwa hiyo ndiyo ya kuweka chini ya zege, kwenye kuta za msingi na juu ya paa bapa. Zote huungua, na zote hulainika joto likikaribia nyuzi 100.

Poliyurethani na ndugu yake PIR zina R kubwa kwa unene mdogo, lamda 0.022 hadi 0.028. Hizi ni za mahali penye nafasi finyu. Zikipulizwa kama povu huziba mianya na kuhami kwa mara moja, lakini matokeo humtegemea fundi. Povu likichanganywa vibaya au kupulizwa nene kwa mkupuo mmoja hunywea na kuachana na mbao, na kulitoa ni kazi ngumu. Mimi nisingelipuliza moja kwa moja chini ya paa linalovuja au ambalo huna hakika nalo, kwa sababu huficha uvujaji mpaka mbao zioze.

Selulosi ni karatasi chakavu iliyosagwa na kutiwa chumvi za boroni ili isishike moto na isiliwe na wadudu. Hupulizwa kwa mashine na hujaza pembe ambazo robota haliingii. Baada ya muda hushuka, hivyo iwekwe nene kuliko unene unaotakiwa mwishoni.

Foili, yaani karatasi nyembamba ya alumini inayong'aa, ina swali lake hapa chini, na ina haki nalo.

Vihami vya asili kama sufu ya kondoo, nyuzi za mbao au majani makavu vinafaa?

Vinafaa. Sufu ya kondoo, koki (gome jepesi la mti) na nyuzi za mbao zina lamda karibu na ya sufu ya kioo. Marobota ya majani makavu ya nafaka yanahitaji unene mkubwa, lakini ukuta wake ukipigwa plasta vizuri pande zote huhami sana na huchelewa kushika moto, kwa kuwa hewa haiingii ndani. Faida yao nyingine ni kwamba hunyonya unyevu kidogo wa hewani na kuuachia tena. Sharti ni kuvilinda dhidi ya mvua na wadudu. Sufu isiyotiwa dawa huliwa na nondo.

Foili inayong'aa inafanya kazi kweli, au ni maneno ya wauzaji?

Inafanya kazi, ikiwekwa inavyotakiwa. Mara nyingi haiwekwi hivyo.

Vifaa vya kawaida vya ujenzi hutoa kama asilimia 90 ya mionzi ya joto ambayo uso wa halijoto hiyo unaweza kutoa. Foili safi ya alumini hutoa kama asilimia 5. Bati likiwa limepata moto kupita nyuzi 60 mchana, foili iliyopigwa chini ya mbao za paa hupokea joto hilo na kulizuia lisirushwe kwenye dari. Joto linapotoka juu kwenda chini, hewa yenye moto hubaki juu na haizunguki sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto hushuka kwa mionzi. Ndiyo maana foili husaidia sana penye jua, na husaidia kidogo penye baridi ambako joto linapanda.

Masharti ni mawili. La kwanza, uso unaong'aa lazima utazame nafasi ya hewa, angalau milimita 20 hadi 25. Foili iliyobanwa kati ya bati na mbao, au kati ya zege na vigae, imegusana na vitu pande zote mbili na haina kazi. Alumini hupitisha joto haraka. La pili, iwe safi. Ikilazwa juu ya dari ikitazama juu, vumbi litaifunika na uwezo wake utapungua mwaka hadi mwaka. Pande mbili zikiwa hazilingani, ule unaong'aa zaidi utazame chini.

Mtu akikuambia kwamba foili yenye viputo vya milimita 4 ni sawa na sufu ya milimita 100, muulize R hiyo imepimwa na nafasi ya hewa ya kiasi gani pande zote. Foili peke yake, bila nafasi hiyo, R yake ni karibu na sifuri.

Kuta zangu ni nene, za udongo au mawe. Bado nahitaji kihami?

Ukuta mzito hauhami sana, unachelewesha. Ukuta wa udongo wa sentimita 30 huchukua takribani saa 8 hadi 10 kulifikisha joto la mchana upande wa ndani. Kama usiku kwenu ni wa baridi, huo ni msaada mkubwa, kwa kuwa joto linafika wakati unalihitaji. Kama usiku nao ni wa joto, ukuta unakuchoma ukiwa kitandani. Ukiamua kuuhami ukuta wa namna hiyo, weka kihami upande wa nje, ili uzito wake ubaki ndani ukituliza halijoto ya chumba. Na tumia nyenzo inayopitisha mvuke, kwani kuta za udongo na mawe ya zamani hukauka kwa kuupumua unyevu nje.

## Joto, baridi na unyevu

Naishi penye joto mwaka mzima. Kihami hakitalifungia joto ndani?

Chupa ya kuhifadhia joto hutunza chai ya moto na maji ya barafu vilevile. Kihami nacho hakichagui upande. Kwenye paa hakuna mjadala: hami. Mchana dari isiyohamiwa chini ya bati huwa na moto kuliko ngozi ya mtu, na hapo chumba kinahisi kama kinakuchoma kutoka juu hata madirisha yakiwa wazi.

Kuta ni jambo jingine. Nyumba isiyo na kiyoyozi, yenye watu, jiko na vyombo vya umeme, huzalisha joto lake yenyewe. Kama upepo haupiti, kuta zilizohamiwa zitalichelewesha joto hilo kutoka jioni. Katika nyumba ya namna hiyo ningetumia pesa kwenye paa, rangi nyeupe juu ya bati, kivuli kwenye kuta za mashariki na magharibi, na madirisha yanayotazamana. Nyumba yenye kiyoyozi ni kinyume: izibwe na ihamiwe pande zote, maana kila mwanya unalipiwa kwenye bili ya umeme.

Karatasi ya kuzuia mvuke iwekwe upande gani?

Mvuke wa hewani husafiri pamoja na joto, na ukikutana na uso wenye ubaridi hugeuka maji. Penye baridi, hewa ya ndani ndiyo yenye mvuke mwingi, kwa hiyo kizuizi hukaa upande wa ndani wa kihami. Penye joto na unyevu, katika nyumba yenye kiyoyozi, mvuke hutoka nje kuja ndani, hivyo kizuizi hukaa upande wa nje. Ukikosea upande, maji yatakusanyika ndani ya ukuta usikoyaona, na dalili ya kwanza itakuwa harufu ya uvundo au kuvu nyuma ya kabati.

Sehemu zenye misimu ya joto na baridi kali zote mbili, au nyumba inayopitisha upepo siku nzima, usifunge plastiki upande wowote bila ushauri. Kamwe usifunge pande zote mbili.

## Usalama

Kihami kinashika moto?

Sufu ya kioo na ya mawe haziungui. Ile ya mawe haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1000. Polistireni na poliyurethani huungua, na moshi wa poliyurethani una gesi za sumu za kaboni monoksaidi na sianidi. Usiviache wazi ndani ya nyumba. Vifunikwe kwa plasta au ubao wa jasi. Usinunue povu ambalo muuzaji hana cheti chake cha kipimo cha moto.

Nje ya nyumba hatari ipo pia. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower, London, liliungua na watu 72 wakafa. Moto ulipanda nje ya jengo kupitia mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, na nyuma yake kulikuwa na povu linaloungua. Kwa jengo la ghorofa, hili si suala la bei.

Sufu ya kioo inawasha. Inaleta saratani?

Inawasha kweli: nyuzi zake hukwaruza ngozi, macho na koo. Kuhusu saratani, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziangalia upya mwaka 2001 na kuziweka sufu za kioo na za mawe za kuhamia katika kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuziainisha kuwa zinasababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa inayobana, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, na uzifue nguo hizo peke yake.

Nyumba ni ya zamani na darini kuna kihami nisichokijua.

Usikiguse, usikifagie. Asbesto, ambayo inajulikana bila shaka kuwa husababisha saratani, ilitumika sana kwenye mabomba, mabamba ya paa na hata vihami vya kumwaga. Vijiwe vyepesi vya vemikulaiti vinavyometameta vinaweza kuwa nayo: mgodi wa Libby, Montana, uliotoa sehemu kubwa ya vemikulaiti ya dunia hadi ulipofungwa mwaka 1990, ulikuwa na asbesto ndani yake. Mtafute mtu mwenye kibali achukue sampuli ipimwe.

Vipi nyaya za umeme na taa za darini?

Waya uliofunikwa na kihami haupoi, kwa hiyo huwezi kuupa mzigo uleule wa umeme. Nyaya zipite juu ya kihami inapowezekana, na za jiko, hita na kiyoyozi zikaguliwe na fundi umeme. Polistireni isigusane na waya wenye ganda la plastiki ya PVC, kwani inafyonza mafuta ya ganda hilo na kuliacha kavu, linalokatika. Taa zilizozama darini zinahitaji nafasi pembeni au kifuniko maalumu, isipokuwa zimeandikwa kwamba zinaruhusiwa kufunikwa.

Hili si la kinadharia. Katika mpango wa serikali ya Australia wa kuhami nyumba ulioanza mwaka 2009, mafundi wanne walikufa kabla haujasitishwa mwaka 2010: watatu kwa umeme, mmoja kwa joto kali la darini. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kupanda, na fanya kazi asubuhi mapema.

## Kufunga

Naweza kufunga mwenyewe?

Marobota ya dari, ndiyo, ukizingatia yaliyosemwa kwenye swali la nyaya na la sufu kuwasha. Povu la kupuliza, hapana. Kemikali zake za isosaianeti hudhuru mapafu, na wenye nyumba wanapaswa kuondoka mpaka likauke na hewa itoke, mara nyingi siku nzima au zaidi.

Mwanya mdogo tu kwenye kihami una madhara gani?

Makubwa kuliko macho yanavyodhani. Dari ya mita za mraba 100 yenye R ya 4, kwa tofauti ya nyuzi 20, hupitisha wati 500. Acha mita za mraba 5 tu bila kihami, zikiwa na R ya 0.3, na jumla inafika karibu wati 800. Asilimia 5 ya eneo imeongeza joto kwa zaidi ya asilimia 60. Sehemu hizo huwa ni mlango wa kupandia darini, pembe za paa na nafasi kati ya robota na mbao. Kata robota likiwa pana kidogo kuliko nafasi, liingie kwa kujibana lenyewe.

Nguzo za chuma nazo ni njia ya joto, kwani chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1000 kuliko sufu. Kwenye kuta za fremu ya chuma weka tabaka moja la kihami linalopita mfululizo juu ya nguzo.

## Hali za pekee

Chini ya bati panadondosha maji usiku ingawa hakuna mvua.

Bati hupoteza joto kuelekea angani usiku usio na mawingu, likapoa kuliko hewa iliyo chini yake, na mvuke ukageuka matone. Ukilaza sufu chini yake bila kinga, italowa kila usiku. Weka utando wa kuzuia maji chini ya bati wenye mteremko wa kuyatoa nje, na uache hewa ipite kati yake na kihami.

Kihami kimelowa. Nikitupe?

Inategemea maji na nyenzo. Sufu iliyolowa kwa maji safi ya mvua inaweza kukauka ikianikwa upesi na haijasinyaa. Selulosi iliyoshikana mabonge, au chochote kilichoguswa na maji ya mafuriko au machafu, kitoke. Tengeneza uvujaji kwanza. Usilichanganye doa jeusi la sufu ya kioo na kuvu: likiwa ni kavu na limefuata mstari wa mwanya, ni vumbi lililochujwa na hewa inayopita, na linakuonyesha mahali pa kuziba.

Kitapunguza kelele za jirani au za mvua juu ya bati?

Sufu ya mawe na ya kioo, ndiyo, hasa ikijaza nafasi kati ya dari na bati. Polistireni, karibu hapana.

Panya na mchwa je?

Vihami vingi si chakula chao, lakini panya hulala kwenye sufu na kuchimba povu, na mchwa hupita ndani ya povu lililozikwa ardhini hadi kwenye mbao bila kuonekana. Acha sehemu ya ukuta wa msingi wazi juu ya ardhi ili njia zao zionekane, na ziba matundu kwa wavu wa chuma.

Nimepanga, siwezi kugusa paa wala kuta.

Ziba mianya ya milango na madirisha kwa mpira wa kubandika, weka kivuli nje ya dirisha linalopigwa na jua la alasiri, na tandika zulia nene kwenye sakafu ya zege penye baridi. Kama kuna jiko au hita inayochoma mkaa, kuni au gesi ndani, acha kwanza njia ya kudumu ya hewa safi, kwani chumba kilichozibwa kabisa hujaa kaboni monoksaidi bila harufu wala moshi. Mwenye nyumba akikubali, robota za sufu zilizolazwa tu juu ya dari hazihitaji msumari hata mmoja, na unaweza kuondoka nazo ukihama.